Zile Helmeti Nyekundu

Kambarage, Shinyanga
2 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Ritha,

Kabla sijakuamkia niseme hili haraka, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Niliposikia kwamba helmeti za baiskeli zimepanda bei, na dukani kwako imebaki aina moja tu, nilifurahi. Sijamwambia mtu yeyote. Najua ndiyo biashara yako na najua unavyohangaika, lakini nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi tayari.

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu, mguu wake umepungua kuvimba. Baba yuko na kibanda chake cha ufundi baiskeli, wateja wamekuwa wachache kwa sababu ya mvua. Matokeo yangu ya kidato cha nne umeshayasikia, daraja la tatu. Nipo tu nyumbani, nauza karanga mlangoni na kusubiri kuona kama nitapangiwa shule.

Unajua kwamba nafanya mazoezi na wasichana wa Mwalimu Valerian, na kwamba mwezi wa saba kuna mbio za baiskeli za wanawake. Watakaofanya vizuri wataingia timu ya mkoa. Mwaka huu kamati imetangaza kwamba hakuna kuanza mbio bila helmeti yenye alama ya kupimwa. Ile nyekundu uliyonipa Krismasi ya mwaka juzi haina alama. Hata hivyo Baba anaamini imeibiwa uwanjani, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwambia.

Haikuibiwa. Ipo kwenye gunia la pumba za kuku, vipande viwili. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa peke yangu barabara ya Ibadakuli, mbuzi akakatiza, nikaangukia kichwa. Nilikaa pembeni mpaka barabara ilipoacha kuzunguka. Nilipoivua helmeti ilifunguka katikati kama ganda la karanga. Tangu siku hiyo, mwenzangu akisogeza gurudumu karibu na langu, vidole vinakamata breki vyenyewe. Wote wanadhani nimechoka. Naogopa, Shangazi. Sizitaki tena mbio.

Baba atakupigia kuomba helmeti yenye alama. Mimi siwezi kumwambia kwamba sitaki. Alikimbiza baiskeli ujana wake wote na hakushinda hata mara moja, na sasa ananiangalia mimi. Nakuomba umwambie bei haishikiki. Ni kweli, kwa hiyo hutakuwa umemdanganya.

Naandika barua kwa sababu simu ya Mama haisikiki mpaka iwekwe spika, na ukuta wetu na wa jirani ni mmoja.

Binti yako,
Melania


Katoro
2 Machi 2025

Mwanangu Melania,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa wakala wa basi siku nyingi kwa kuwa uliandika "Shangazi Ritha, Katoro", kana kwamba Ritha ni mmoja mji mzima. Andika Mama Onesmo wa vifaa vya michezo, hata mwendesha bodaboda wa jana ataifikisha. Mpe mama yako pole ya mguu. Onesmo wangu ameacha duka, ameenda mashimoni na wenzake kuchimba dhahabu. Anasema mipira haimlipi kama mwamba. Nimebaki mwenyewe na redio.

Kufurahi umefurahi, sikulaumu. Ila nikueleze unachokifurahia. Nilikuwa na helmeti za aina sita, za watoto, za wanawake, za rangi rangi. Sasa kila aina lazima ikapimwe kabla haijauzwa, na kila saizi inapimwa kivyake. Wanazipiga, wanazivunja, na zile zilizovunjwa analipia mwenye mzigo. Tajiri anayeleta kontena zima hasikii maumivu. Yule mama niliyekuwa nachukua kwake alikuwa akileta maboksi machache, na gharama ya kupima ni ileile, akaona heri auze mabeseni. Ndiyo maana imebaki aina moja, nyeusi, saizi ya kichwa cha mwanaume, kwa bei mara sita ya ile yako. Wasichana wanaingia, wanaivaa, inawashuka mpaka puani, wanacheka, wanauliza bei, wanaacha kucheka. Na shingadi, zile za kukinga miguu ya wacheza mpira, zinafuata kupimwa, nimeshaambiwa.

Sisemi kupima ni kubaya. Nasema waliopanga hawajawahi kusimama nyuma ya kaunta mwezi wa pili, watu wamemaliza hela kwenye ada.

Kuhusu ile nyekundu, labda uliiacha juani. Plastiki haitaki jua.

Baba yako alipiga. Nilimtajia bei, akasema, "Ritha, mtoto ana miguu huyu." Sikuweza kumalizia kama ulivyotaka. Nikamwambia nitaangalia. Pamoja na barua hii nakutumia dagaa wa mama yako, na helmeti ya wachimbaji, mpya, yenye alama yake kabisa. Huku watu wanaangukiwa na mawe nazo na bado wanapanda juu kula ugali. Hofu huja ikapita. Endelea na mazoezi.

Ni mimi shangazi yako,
Ritha


Kambarage
30 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Safari hii nimeandika Mama Onesmo, natumaini imekufikia mapema. Mama anashukuru, anasema wabeja sana kwa dagaa, na mguu hausumbui. Mpunga wa Bibi kijijini umeota vizuri ila ndege wameanza. Wadogo zangu wote wameenda kuamia, kuwafukuza.

Helmeti ya wachimbaji ilifika. Baba aliifuta kwa shati lake la kanisani. Akasema niende nayo mazoezini na yeye atanisindikiza, na mimi sikujua namna ya kukataa. Tulipopita kijiwe cha bodaboda mmoja akaita, "Dada! Dhahabu imeonekana Kambarage na hamtuambii?" Mwenzake akamjibu, "Muache, anakwenda kuchimba choo cha mwalimu." Nilitamani barabara inimeze. Bhoke, yule mwenye mbio kutuzidi wote, anayeishi kwa kaka yake, alicheka mpaka akakaa chini na kushika mbavu. "Melania, ukishinda watakupa kombe au sululu?"

Mwalimu Valerian hakucheka. Aliigeuza mikononi, akagonga utosini.

"Hii ni nzuri kwa jiwe linalotoka juu," alisema. "Huyu ataangukia lami, tena kwa ubavu. Huku pembeni hakuna kitu. Na mkanda huu, upepo ukikaza itabaki nyuma."

"Lakini imepimwa, Mwalimu," Baba akasema. "Alama hiyo hapo."

"Imepimwa, Bujiku. Kwa mgodi."

Baba aliivaa mwenyewe akarudi nayo nyumbani. Sasa anaivaa kibandani akiziba pancha, anasema inamkinga jua. Watu wanamwita Meneja.

Shangazi, ile nyekundu sikuiacha juani. Ilikuwa inalala chini ya kitanda changu. Na wewe hukuniuliza kichwa. Sikasiriki, nakueleza tu. Sikio la kushoto lilipiga mluzi mpaka mwezi wa kwanza, sasa limenyamaza.

Naomba nikuulize jambo moja. Zile nyekundu nyingine, zilizokuwa rafu ya juu karibu na jezi, ziko wapi? Umezitaja za aina zote isipokuwa hizo.

Mwalimu anasema amepata mtu atakayetuletea helmeti zenye alama kwa bei ya chini. Wenzangu wanaimba. Zikifika sina tena pa kujificha.

Melania


Katoro
18 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Huku tupo. Mvua imekatika mapema, vumbi la barabara ya Ushirombo linaingia dukani hadi kwenye jezi nyeupe. Onesmo alikuja siku mbili, amekonda, hakuleta kitu na mimi sikumwuliza.

Nimechelewa kukujibu. Nilianza barua mara kadhaa, nikawa nasikia mteja.

Kichwa kinaendeleaje? Nilipaswa kuliuliza hilo kwanza.

Zile nyekundu niliziuza. Zilisemwa habari za wakaguzi kupita maduka yote ya Katoro, na mimi nilikuwa nazo boksi zima, nimezilipia. Akaja mtu anaitwa Pantaleo, wa huko kwenu Shinyanga, akazichukua zote kwa bei ya kutupa. Alisema ni za wasichana wa mazoezi. Sikumwuliza wasichana gani. Barua yako ya kwanza nilikuwa nimeshaisoma siku hiyo, Melania. Ilikuwa ndani ya droo ya kaunta, na mimi nahesabu helmeti juu yake.

Nilijiambia mbovu ni afadhali kuliko kichwa kitupu. Bado najiambia.

Kama hutaki mbio, mwambie baba yako kwa kinywa chako. Mimi sitamwambia.

Ritha


Kambarage
8 Juni 2025

Shikamoo Shangazi,

Mama mzima, Baba mzima. Mpunga umevunwa, si mwingi. Jina langu halikutoka kidato cha tano. Baba anasema tutatafuta chuo.

Helmeti zilifika kabla ya barua yako. Mwalimu Valerian alitugawia Jumamosi uwanjani, na akamshukuru sana bwana Pantaleo mbele yetu, tukapiga makofi. Zilikuwa nyekundu, zimepakwa mafuta zinang'aa, na kwenye paji kila moja ilikuwa na karatasi ya fedha yenye alama. Nilizitambua kwa kifungo cha mkanda na zile tundu zake za pembeni. Lakini alama nayo niliiona kwa macho yangu, nikajiambia labda hizi zimekwenda kupimwa zikafaulu, labda ni yangu tu iliyokuwa mbaya. Nilitaka iwe hivyo. Baba alikuwa amelipa ya kwangu tayari. Alinifunga mkanda mwenyewe, vidole vyake vina grisi, akasema, "Sasa."

Jumanne ikaja barua yako.

Nilikaa nayo siku tatu. Sijawahi kwenda nyumbani kwa mwalimu peke yangu. Niliitoa ile yangu kwenye pumba, nikaiweka kwenye mfuko wa sandarusi, nikaenda. Alikuwa barazani anasuka kamba ya kitanda.

"Umetuletea unga?" akauliza.

Niliimimina tu miguuni pake. Akaviokota vile vipande, akaviunganisha, akaviachanisha tena.

"Ya nani hii?"

"Yangu. Ya zamani. Nilianguka."

"Lini? Nani anajua?"

"Hakuna."

Alinitazama kichwa, siyo uso. Kisha akaingia ndani akatoka na mpya, ile ya Rebeka ambaye hakuja Jumamosi. Akakwangua alama kwa ukucha, ikatoka kama gamba la samaki. Akashika helmeti kwa mkanda, akaipiga ubavu kwenye ngazi ya baraza. Ilipasuka palepale ilipopasuka yangu. Mke wake alichungulia dirishani akiuliza kimevunjika nini.

"Ya kwako uliipata wapi?"

"Ni zawadi," nikasema. Hakuuliza ya nani na mimi sikutaja jina lako.

Kesho yake alizikusanya zote. Hakusema habari yangu, alisema ameziangalia vizuri na haziridhishi. Wasichana waligeuka wakawa kama siafu. Bhoke aliikumbatia yake.

"Nani amekwambia, Mwalimu? Jumamosi zilikuwa nzuri, leo zimekuwa mbaya?"

"Macho yangu yameniambia."

"Macho yako yatanilipia ile nyeusi? Mimi nimefua nguo za watu mwezi mzima kwa ajili ya hii." Alikuwa analia na hajui kama analia. "Niambie basi, hii mbovu na kichwa kitupu, ipi bora?"

Mwalimu alinyoosha mkono tu. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Bhoke akampa. Akaahidi kila mtu atarudishiwa hela yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya baiskeli yangu, natazama mnyororo.

Shangazi, na mimi sijui ipi bora. Nilidhani nikisema nitajisikia mwepesi.

Melania


Katoro
29 Juni 2025

Mwanangu Melania,

Pantaleo alikuja jana, hakukaa hata nilipomwekea kiti. Anataka kumjua aliyesema, maana mwalimu wenu anamtishia polisi kwa zile karatasi alizobandika. Nilimwambia mimi nauza mipira, habari za Shinyanga sizijui. Nikamrudishia chake chote ili asipate sababu ya kutowarudishia hao watoto. Nilimwambia nitapiga simu kuuliza kama wamerudishiwa, na nitapiga.

Mwalimu Valerian naye alinipigia kuulizia zile nyeusi. Aliniita dada, kama siku zote. Ndipo nikajua kwamba hukunitaja.

Nilikuwa nimebakiza nyekundu mbili uvunguni, sikukwambia. Nimezikata kwa msumeno. Onesmo amerudi, alinishikia upande mmoja. Aliniuliza kwa nini nakata kitu kizima.

Nasikitika, mwanangu. Nilipaswa kukuandikia hivyo mwezi wa tatu.

Shangazi yako


Kambarage
20 Julai 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mpe Onesmo salamu, mwambie nimefurahi kwamba amerudi. Sisi wazima, upepo tu na mafua. Mama ameanza kuuza maandazi na mimi namsaidia asubuhi.

Wote walirudishiwa hela. Bhoke alisema hela haina magurudumu.

Mbio zimefanyika Jumapili iliyopita. Kwenye timu yetu walioanza ni wawili tu, wale ambao wazazi wao waliweza kununua nyeusi. Mmoja aliwekewa kitambaa ndani ili isicheze, bado ilimfunika jicho kila alipoinama. Hawakuingia hata kumi bora. Mimi nilisimama na Baba kando ya barabara. Alinunua miwa, akanimenyea kama nilipokuwa mdogo.

"Bei ndiyo imekushinda," aliniambia, "siyo miguu. Usijidharau."

Nilitafuna muwa. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia siku hiyo, Shangazi, kweli nilijiandaa, na maneno nilikuwa nayo. Lakini alikuwa ameyasema hayo kwa kunibembeleza, na alionekana amechoka kuliko mimi. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Tangu asubuhi ile Bhoke anafanya mazoezi peke yake barabara ya Ibadakuli, kichwa wazi, kwa ajili ya mwakani. Anasema akianguka atajua mwenyewe. Wenzetu wengine wameacha kabisa, mmoja ameolewa. Jana Bhoke alisimama kibandani, Baba alikuwa amekwenda kununua tairi, nikamkazia nati za gurudumu la nyuma. Alikuwa amechuchumaa pembeni anakula karanga zangu bila kulipa, kama kawaida yake.

"Nikimjua aliyemwambia Mwalimu," akasema, "sitamgombeza. Nitamwuliza tu, alitaka nivae nini?"

Nilizungusha spana. Nati ilikuwa imeshakaza, nikaendelea kuizungusha.

"Wewe humjui?"

"Hapana."

Akasema ahsante, akanigonga begani, akapanda. Nilimtazama mpaka alipokata kona ya mashine za kusaga. Anaendesha vizuri sana, Shangazi. Hakamati breki.

Yote mawili nimekwambia wewe tu, kwamba naogopa, na kwamba ni mimi niliyesema. Siku moja Baba atakuja Katoro, mtakula, mtacheka habari za zamani, utaona ni wakati mzuri wa kumwambia. Usimwambie. Na Bhoke akija dukani kuulizia ile nyeusi, maana anasema atakuja, mpunguzie unavyoweza, lakini naye usimwambie. Simwogopi yeye. Swali lake ndilo sina jibu lake, na nisingependa aniulize mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Nakuomba, likae kwako.

Melania